Waamuzi Mbele ya Mwamuzi: Zaburi ya 82 Isomwapo Dunga

Katika kitabu cha Zaburi mna nyimbo 150, na kila msomaji hujichagulia wimbo wake, kama mtu achaguavyo rafiki katika kundi kubwa. Wengi huipenda Zaburi ya 23, ya mchungaji na malisho, kwa kuwa huituliza roho iliyochoka. Wengine huipenda ya 121, ya msafiri ainuaye macho kuitazama milima. Mimi sizidharau hizo hata kidogo. Lakini iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ya 82, wimbo mfupi wa mistari minane, ambao ni nadra kuusikia harusini au mazikoni. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha uzuri wa wimbo huo, na kuonyesha pia kwamba uzuri wake hauwezi kutengwa na dai lake la haki. Na kwa kuwa uzito wa maneno ya haki haujulikani mpaka yamewekwa mizanini pamoja na mambo ya watu, nitayapima hapa petu Dunga, mwalo wa wavuvi ulio kusini ya mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ghuba ya Winam.

Wimbo huu umeandikiwa jina la Asafu, na ni mmoja wa nyimbo 12 zenye jina hilo kitabuni. Maandiko humkumbuka Asafu kuwa mkuu wa waimbaji katika zama za Daudi. Mapokeo ya Wayahudi yaliyohifadhiwa katika Mishna husema kwamba Walawi waliuimba hekaluni Yerusalemu katika siku ya tatu ya juma, ambayo kwa hesabu yetu ni Jumanne. Jambo hili lafaa kukumbukwa. Wimbo wa haki haukungojewa sikukuu. Uliwekewa siku ya kazi, siku ambayo wauzaji wanauza na wanunuzi wananunua. Wengi wetu huusoma kwa Kiswahili katika Biblia ya tafsiri ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952. Ndugu zetu Waislamu nao huijua Zaburi kuwa kitabu alichopewa Nabii Daudi. Basi sauti itokayo humo si ngeni katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki.

Tutazame kwanza umbo lake. Mtungaji ametunga kama mchezo mdogo wa mahakama. Baraza limekutana, na Mungu amesimama katikati yake. Katika mabaraza mengi ya wanadamu mwamuzi huketi, na mwenye mashtaka ndiye asimamaye. Hapa aliyesimama ndiye mwenye mashtaka, na huyo huyo ndiye mwenye kukata hukumu. Na walioshtakiwa ni nani? Si wezi wa ng'ombe wala wavunja nyumba. Walioshtakiwa ni waamuzi wenyewe. Hapo ndipo ulipo ugeni wa wimbo huu. Nyimbo nyingine humlilia Mwenyezi Mungu amwokoe mtu na adui yake. Wimbo huu huwaleta mbele ya hukumu wale ambao kazi yao ilikuwa kuhukumu. Baada ya hapo mambo huenda kwa haraka sana: huja swali, kisha amri, kisha maelezo ya hasara iliyotokea, kisha hukumu, na mwisho ombi. Mistari minane tu imebeba kesi nzima, na hapana neno la kupamba lililoingizwa kujaza nafasi.

Swali la kwanza lahusu nyuso. Waamuzi wale wanaulizwa wataendelea hata lini kudhulumu, na kuzipokea nyuso za waovu. Yafaa tutue kidogo katika neno hili, maana limechaguliwa kwa akili. Upendeleo ni kuutazama uso wa mtu kabla ya kulisikia neno lake. Mwamuzi mpendeleaji huuliza katika moyo wake, "Huyu ni nani? Ni mwana wa nani? Ana nini mkononi?" Majibu ya maswali hayo yakiisha kupatikana, shauri lenyewe limekwisha kabla halijaanza. Mtungaji angeweza kusema hongo, au hofu, au udugu. Lakini amesema uso, na neno hilo moja limeyakusanya yote matatu.

Kisha huja amri, na amri hiyo ndiyo moyo wa wimbo. Ndani yake wametajwa maskini, yatima, mwenye kuteswa, fukara na mhitaji. Asomaye haraka atadhani kwamba mtungaji anarudia jambo moja kwa majina mengi. Mimi naona vingine. Kila jina ni mlango mmoja ambao dhuluma hupitia: mmoja hana mali, mwingine hana wazee, mwingine hana nguvu, mwingine hana pa kushika kabisa. Na tazama waamuzi wanavyoagizwa kuwatendea. Hawakuagizwa kuwapa watu hao chakula, wala kuwafariji kwa maneno matamu, ingawa mambo hayo ni mema. Wameagizwa kuwaamua kwa haki na kuwatoa katika mikono ya wenye kuwaonea. Sadaka humwacha mwenye nacho pale pale alipo, na mnyonge pale pale alipo, na kati yao hupita zawadi. Haki humfanya mnyonge awe mtu mwenye dai, wala si mtu mwenye kuomba.

Wahenga wetu walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii ni nzuri, nami naiheshimu, kwa sababu hata katika ukali wake imekiri kwamba mnyonge ana haki. Walakini ukiilinganisha na zaburi, utaona tofauti. Methali imemruhusu mwenye nguvu amnyonge mnyonge, ikamtaka tu asimnyime chake. Zaburi hairuhusu kunyonga kwenyewe. Yaamuru mkono uondolewe shingoni kwanza, ndipo yazungumzwe mengine.

Sasa twende mwaloni. Mashua zikirudi Dunga na samaki, wachuuzi huwa wanazingoja, na wengi wao ni kina mama. Ndipo mnada huanza, na mizani hutundikwa. Mgeni huona shughuli na furaha, naye hakosei. Lakini akikaa kitako na kutazama, ataona jambo jingine. Samaki hangojei. Jua likipanda, thamani yake hushuka. Kwa hiyo mwenye barafu na gari anaweza kungoja, na asiyekuwa navyo hawezi. Na katika biashara ya kitu kiozacho, anayeweza kungoja ndiye apangaye bei. Hapo hapana jambazi wala panga, bali mkono wa mwenye nguvu umo kazini. Zaburi yetu yanifundisha kuutambua mkono huo hata usipokuwa na damu.

Wala si bei peke yake. Katika mialo kadha ya ziwa hili imekuwako desturi ya aibu iitwayo jaboya, ambayo mwanamke atakaye samaki wa kuuza huwekewa na mvuvi sharti la kuutoa mwili wake juu ya fedha yake. Mjane mwenye watoto wa kulisha hulichagua sharti hilo kama mtu achaguavyo kati ya moto na maji ya kina. Desturi hii imesaidia kueneza maradhi ya Ukimwi katika mialo ya ziwa, na yatima wengi wamebaki. Basi yatima aliyetajwa na Asafu si mtu wa Yerusalemu ya kale tu. Alikaa darasa moja na wengi wetu. Watu wengi waliwahurumia wanawake wale, na wengine waliwalaumu. Lakini kuanzia mwaka 2011, wanawake wa mwalo wa Nduru, ambao nao uko katika kaunti ya Kisumu, walifanya jambo lililo karibu zaidi na zaburi kuliko huruma na lawama: walijipatia mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie. Aliyekuwa akiomba samaki akawa mwenye chombo. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda mno, yakaufunika mwalo huo na kuwahamisha watu wake, na kazi yao ikaharibika. Hata hivyo jambo lililokwisha kuonekana halifichiki tena: sharti lile la aibu halikuwa tabia ya ziwa. Lilikuwa tabia ya umiliki.

Yako pia mambo ya mfupa na nyama. Samaki aitwaye mbuta hakuwa wa asili katika ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaongezeka sana kufikia miaka ya 1980, na samaki wengi wadogo wa asili wakapungua au wakatoweka. Viwanda vikajengwa Kisumu na penginepo, vya kukata minofu na kuipeleka ng'ambo. Yaliyobaki, yaani kichwa, mfupa na mkia, wenyeji waliyapa jina la mgongo wazi. Katika mtaa wa Obunga mjini Kisumu kina mama huyakausha na kuyakaanga, wakawauzia watu wasioweza kununua samaki mzima. Nayasifu maarifa ya kina mama hao, maana wamekitafutia uhai kitu kilichotupwa. Lakini jina lile lina mashtaka ndani yake. Watu waishio kando ya ziwa hula mgongo, na nyama husafiri mbali. Sisemi kwamba biashara ya ng'ambo ni dhambi. Imeleta ajira na fedha za kigeni. Nasema kwamba mtu aliyeizoea Zaburi ya 82 hawezi kulitamka jina la mgongo wazi bila kuuliza nani aligawa, na kwa mizani gani.

Baada ya amri, mtungaji huleta maelezo ya hasara. Asema kwamba kuna watu wasiojua wala kufahamu, wanaotembea gizani, na kwamba misingi ya dunia inatikisika. Wafasiri wengi huona kuwa wasiojua hao ni waamuzi. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Mtu angetazamia kusikia kwamba dhuluma huwaumiza maskini, na basi. Lakini mtungaji asema kwamba dhuluma huilegeza nchi yenyewe, kama nguzo iliyoliwa na mchwa huku paa lingali linang'aa. Dunga tuna mfano wa karibu. Bwawa la mafunjo lililoko hapa lina ndege wasioonekana kwa urahisi mahali pengine, na samaki wachanga hujificha humo wasiliwe na mbuta. Mafunjo hayo ni misingi ya uvuvi. Yakikatwa yote, au yakifukiwa kwa faida ya wachache, hasara haitaonekana siku ile; itaonekana nyavu zitakaporudi tupu, na tupu ile itamfikia maskini kwanza.

Katika lugha ya Kijaluo neno piny lina maana ya dunia, na lina maana ya nchi na watu wake pia. Mjaluo asomapo habari ya misingi ya dunia, masikio yake husikia na nchi yake. Na neno hilo lina historia katika sehemu zetu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza watu wa Nyanza walilemewa na kodi, kazi za kulazimishwa na kipande cha kuvaliwa shingoni. Na mwaka 1920 nchi ikageuzwa kuwa koloni. Mnamo Desemba 1921 watu walikutana Lundha, katika Gem, wakiongozwa na walimu waliosoma katika shule za misheni, miongoni mwao Jonathan Okwiri. Harakati yao ikaitwa Piny Owacho, maana yake, nchi imesema. Mwaka 1922 Gavana mwenyewe alikuja kuonana nao Nyahera, karibu na Kisumu. Kodi ilipunguzwa, na kambi za kazi zikafungwa, ingawa koloni ilibaki koloni. Sidai kwamba walimu wale waliichukua Zaburi ya 82 mikononi. Nasema tu kwamba jina walilolichagua na wimbo huu vimekutana katika wazo moja: nchi si kitu kinyamavu ambacho watawala hukikanyaga wapendavyo. Ikionewa hutikisika, na mtikisiko huo ni usemi.

Yaliyofuata yana mafunzo pia. Mwaka 1923 mmisionari Archdeacon Walter Owen alikigeuza chama chao kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Owen alikuwa mtu mwema na jasiri. Aliandika katika magazeti ya Uingereza kuwatetea Waafrika waliolazimishwa kufanya kazi, hata walowezi wakamchukia. Lakini chini ya uongozi wake chama kilishughulika zaidi na usafi, vyoo na nyumba bora, na madai ya nchi yakapoa. Vyoo ni vyema, na nyumba bora ni njema. Walakini tukiutumia wimbo wetu kuwa kipimo, twaona kwamba ustawi na haki ni ndugu wawili, na yule mpole hupendwa na serikali kuliko mwenzake. Zaburi ya 82 yamkumbuka yule asiyependwa.

Sasa tufike kwenye hukumu. Waamuzi wanaambiwa kwamba waliitwa miungu, wana wa Aliye Juu, na kwamba pamoja na hayo watakufa kama wanadamu na kuanguka kama mkuu yeyote. Wataalamu wamebishana sana juu ya miungu hao. Wako wasemao ni viumbe wa mbinguni waliopewa mataifa kuyatunza. Wako wasemao ni mahakimu wa Israeli, walioitwa hivyo kwa heshima ya kazi yao. Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Yesu ameutumia mstari huu alipojibizana na watu waliotaka kumpiga mawe. Kwa msomaji wa shule, ubishi huo hauhitaji kumalizwa ili maana ipatikane. Ikiwa ni viumbe wa mbinguni, basi hata mbinguni cheo hakimwokoi mwenye kudhulumu. Na ikiwa ni mahakimu, basi joho halizuii kaburi. Kwa njia zote mbili fundisho ni moja: mamlaka ni amana, na amana iliyoliwa hudaiwa.

Yuko atakayeuliza kama wimbo huu hauna kasoro. Ninazo mbili za kuzitaja. Ya kwanza, unaamuru haki ifanywe lakini hauelezi ifanywe vipi. Hauna kanuni ya mizani, wala ya bei, wala ya uchaguzi wa wazee. Najibu kwamba hiyo ni kazi ya sheria, na sheria tunaweza kuitunga wenyewe. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2007 zilianzisha vyama vya usimamizi wa mialo, ambavyo kwavyo wenye vyombo, wavuvi na wachuuzi huchagua kamati yao. Kamati kama hiyo ni baraza dogo, na wajumbe wake ni waamuzi. Sheria inaweza kuwapa viti. Haiwezi kuwapa macho ya kumwona mjane kabla ya kumwona tajiri. Macho hayo hutafutwa katika vitabu vya namna hii.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wimbo umekwisha kwa ombi: Mungu mwenyewe anaombwa ainuke aihukumu dunia. Mtu anaweza kusema kwamba ombi hilo huwalaza watu, wakakunja mikono kungoja mbingu zifanye kazi yao. Nimelifikiri neno hili kwa muda mrefu, nami naona kwamba mpangilio wa mistari walipinga. Ombi limekuja mwisho, baada ya amri, na amri ilipewa viumbe walioweza kuitii. Aombaye ombi hilo bila kuitenda amri amejiweka mwenyewe katika benchi la washtakiwa, na anaomba hakimu aje upesi. Kwa aliyeitenda amri akashindwa na nguvu za wakubwa, ombi hilo ni kukataa kukata tamaa. Wanawake wa Nduru waliozamishiwa kazi yao wanaweza kuliomba bila haya.

Kijana msomaji, huenda ukasema kwamba wimbo huu wawahusu mahakimu na mawaziri, nawe hu hakimu wala waziri. Fikiri tena. Aliyeshika mizani ya samaki ni mwamuzi. Kiranja agawaye chakula bwenini ni mwamuzi. Ndugu mkubwa agawaye shamba baada ya baba kufariki ni mwamuzi, na dada zake wamesimama mbele yake. Kila mara utakapokuwa na neno la mwisho juu ya mtu asiyeweza kukulipiza, umeketi katika baraza lile la Asafu. Soma mistari minane hiyo polepole, kwa sauti, siku ya Jumanne au siku nyingine yoyote ya kazi. Kisha utazame ni nani aliye mbele yako akingoja haki yake, na umpe kabla jua halijapanda.